Namba Chini ya Bluu

Nilipita kwa mpaka rangi wa magari pale Nyawera, na harufu ya rangi mbichi ikanirudisha uani kwetu.

Papa alikuwa amemuuzia mwoka mikate gari letu kuukuu, naye alilitaka jeupe. Mimi, binti yake wa mwisho, nilipewa msasa na ndoo ya maji nisugue mlango. Chini ya bluu yetu ilitokea kijani ya padri aliyemuuzia papa. Chini ya kijani, nyekundu ya mzungu wa shamba la kinini, miti ya dawa ya malaria. Na juu ya ile nyekundu, ndani ya duara jeupe, namba kumi na saba.

Miaka yote papa alisema gari lile liliwahi kukimbia rali. Majirani walimcheka. Mimi pia nilikuwa nimecheka.

“Papa, kuya uone! Namba ya rali iko hapa! Niite majirani?”

Alikuja, akaipitishia kidole.

“Acha, mama. Batasema ni weye uliiandika.”

Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akaanzia kwenye namba.