Divai ya Mkwe Jofrey

Ukifika Tunduma ukauliza kimpumu kizuri kiko wapi, hata wabeba mizigo wa mpakani watakuelekeza kwa Ketrina, mzaliwa wa Mbebe kule Ileje. Ketrina hupika pombe hiyo ya ulezi, ile ya kumwagiwa maji ya moto na kunyonywa kwa mirija, na kwa kazi hiyo, mjane yule kamsomesha bintiye Tusekile hadi ualimu. Anayemdharau na ajaribu yeye kulea mtoto kwa maneno.

Basi Tusekile akachumbiwa na kijana aitwaye Ferdinand. Baba wa kijana, Mzee Jofrey, mfanyabiashara wa Vwawa anayevaa suti hata juani, alituma neno mapema: harusi ya mwanawe haitakuwa na pombe za vyungu. Ketrina aliumia hasa. Harusi ya bintiye wa pekee bila chungu chake ilikuwa sawa na kuambiwa akae nje. Lakini alinyamaza, asije akamharibia mtoto.

Siku wakwe walipokuja kujitambulisha, Jofrey alileta chupa ya divai nyeupe ya Ufaransa, imelazwa kwenye barafu. Ketrina akaipokea kwa mikono miwili, akaipeleka jikoni. Maskini, baridi gani hiyo! Mgeni wa heshima anapewaje kinywaji baridi? Akaimimina yote chunguni, akaitia maji ya moto, akachomeka mirija, akaitenga mbele ya wageni.

Jofrey alivuta mara moja, uso ukamkunjamana.

“Mkwe! Umeichemsha?”

“Nimeipasha tu, baba. Kwa heshima yenu.”

“Hii ni ya shamba moja tu!” Jofrey alifoka. “Watawa walilizungushia ukuta tangu kale, ukoo mmoja unalitunza, zabibu za jirani haziingii! Na hunywewa baridi!”

Tusekile aliinamisha kichwa. Ketrina naye aliona aibu. Kisha maneno yale yakamrudia masikioni, na furaha ikampanda kifuani.

“Kumbe tunafanana, mkwe,” alisema. “Ulezi wangu nao ni wa shamba moja, la mama yangu kule Mbebe. Wa sokoni siutii chunguni. Ila yangu hunywewa ya moto. Yako nimeiharibu, nisamehe. Sasa onja yangu.”

Akaleta chungu kingine, akavuta yeye kwanza kama mwenye pombe apaswavyo, kisha akamkabidhi mrija. Mrija ulioonjwa na mama wa binti haukataliwi. Kuukataa ni kumkataa binti. Jofrey akavuta. Akavuta tena, safari hii kwa muda mrefu, macho kayafumba.

“Baba Ferdinand, na sisi tuna vinywa,” mkewe Getruda alimwambia.

Watu wakaangua kicheko. Jofrey akajipangusa mdomo, mrija bado mkononi.

“Harusini utatupikia vyungu vingapi, mkwe?”

“Wewe leta watu tu!” Ketrina alijibu, akapiga vigelegele ambavyo nadhani hata ng'ambo ya mpaka, Nakonde, walivisikia.