Furushi chini ya majiwe ya akwariumu

Leo ku nyumba yetu, hapa Bel-Air, damu imemwangika sababu ya samaki.

Maji ya akwariumu ilianza kunuka kama maiti. Tuliibadilisha, tukasafisha filtre, bure.

Asubui bwana yangu akaingiza mukono chini ya majiwe, akatosha kitambaa kyeusi kyenye kufungwa na kamba.

"Ni bulozi."

Akageukia Désiré, mudogo wake, juu yeye njo analalaka mu salon, pembeni ya akwariumu.

Ngumi ya kwanza ikamupasula mulomo. Ya pili ikamuangusha juu ya meza, glasi yote ikavunjika. Nilipiga makelele, lakini hakusikia.

Mama yao, mwenye alifika juzi kutoka Kasenga, akatoka ku jikoni.

"Ile ni bukari yangu, ugali tu. Kwetu, kama unataka samaki banone, unafunga bukari mu kitambaa, unaizamisha. Niliona benu banakonda."

Akamupanguza Désiré damu. Kiisha akamuangalia bwana yangu, akamuuliza pole pole:

"Kama ulijua ni mimi, ulikuwa utanipiga?"

Bandugu, nyinyi mungemujibu nini?