Dolores alipoipeleka shule jikoni kwa mama mkwe

Saa tatu asubuhi, Dolores Hrinya anamenya viazi. Ameketi kwenye kigoda kati ya mlango na sinki, ndoo ameibana kwa magoti, na maganda yanaanguka bila yeye kuyatazama. Macho yake yako upande wa pili wa ukumbi huu wa chini ya kanisa, kwenye meza ndefu ambako wanawake wanafinya pirohi za sikukuu ya Juni, vile vifuko vya unga vyenye viazi ambavyo huchemshwa.

"Anatutazama tena," anasema Marlene Sabo bila kuinua kichwa.

"Sitazami. Namenya."

"Hiyo namenya yako tunaijua, shoga. Mwezi wa tatu ilitulisha supu."

Meza nzima inacheka, isipokuwa bibi aliyeketi kichwani pa meza. Huyo ni Olga Hrinya, mwenye miaka themanini na moja, mkuu wa jiko hili na mama mkwe wa Dolores. Anachukua duara la unga uliosukumwa, anaweka donge la viazi na jibini, anakunja, anafinya kwa kidole gumba, anaweka chini. Hacheki wala hakasiriki. Anafinya.

Dolores ana miaka arobaini na saba na watoto watatu. Ameajiriwa jikoni kwenye makao ya wazee hapa Kesner Run, mji ambao migodi yake ya makaa ilifungwa kabla yeye hajaolewa. Hupika uji wa shayiri, husaga nyama ya wasio na meno, husukuma toroli la sinia. Kwa saa moja hulipwa dola kumi na tano. Muuguzi anayepishana naye kwenye korido ileile hupata zaidi ya mara mbili ya hizo. Ndiyo maana mwaka jana alikwenda chuo cha wilaya akasema anataka kuwa muuguzi.

"Nilidhani wataanza na sindano," anasema. "Wakaanza na insha. Mimi insha niliachana nayo nikiwa na chunusi."

Sheria ya chuo ni hiyo. Awe fundi wa meno au mhasibu, kila mtu lazima afaulu kwanza somo la uandishi. Asipofaulu, nafasi yake ya uuguzi ya Septemba anapewa mwingine, na foleni ni ndefu. Kwa hiyo Dolores alinunua kalamu mpya akaenda darasani jioni, bado ananuka vitunguu.

Mzazi mwenzangu unayesoma hapa, kama nawe unafikiria kurudi shule ukubwani, au una mtoto anayekwenda, shika neno hili mapema. Chuo hakikai chuoni. Kinakufuata hadi nyumbani, kinavuta kiti, kinakaa.

Jioni ya kwanza, Mwalimu Ansel Rourke, kijana mwembamba anayefundisha akiwa amekalia meza, aliwaambia hataki kusoma habari za likizo ya mtu. Kila mwanafunzi achague kundi la watu wenye desturi zao. Akae nao muhula mzima, atazame, asikilize, aulize, kisha aandike. Wasomi wanaiita ethnografia. Mmoja akachagua wawindaji wa paa, mwingine wachezaji wa bingo. Dolores akachagua wanawake wa pirohi, kwa sababu kila Alhamisi ya Kwaresima yuko nao hata hivyo, wakiandaa pirohi za kuuzwa Ijumaa.

"Nikaona nimepata mteremko," anasema. "Watu ninaowajua, nitashindwa nini?"

Alishindwa na mstari wa kwanza. Aliandika kwamba wanawake hawa ni wachapakazi na wanapendana. Karatasi ikarudi na swali pembeni: Upendo huo unauona wapi kwa macho?

Swali lilimkaa kichwani wiki nzima. Jioni moja akamgeukia mumewe, Stan, aliyekuwa anatazama mpira wa magongo. "Stan, mimi nakupenda. Wewe unaonaje hilo kwa macho?"

Stan alizima televisheni. "Umegonga gari?"

Akaandika upya. Safari hii hakuweka upendo wala uchapakazi, bali mikono, unga, siagi, nani anakaa wapi na nani humkatiza nani. Karatasi ikarudi na swali jingine: Na wewe uko wapi?

"Nikachanganyikiwa kabisa," anasema. "Si yeye aliyesema niwatazame wao? Nikamfuata. Nikamwambia, mwalimu, mimi nipo kwenye kigoda, namenya viazi. Akasema, andika kigoda. Nilikwenda kwenye gari nikalia."

Lakini alipokaa kukiandika hicho kigoda, jambo likamjia. Katika jiko hili kila mgeni huanza na viazi, na huhamia meza ya kufinya siku Olga anapomwita. Wengine wameitwa baada ya Kwaresima moja. Dolores amemenya tangu alipoolewa na hajaitwa. Kwao ni akina Fahey, Waayalandi wa ng'ambo ya mto wasiojua pirohi, na miaka yote alijua moyoni kwamba sababu ni hiyo. Hakuwahi kuuliza. Sasa, kwa kuwa ni kazi ya shule, akauliza.

"Viganja vyako vya moto," Olga alimjibu. "Unga unalegea. Ulidhani nini?"

"Sikudhani kitu, Mama."

Hadi leo Dolores hajui kama jibu lile ni lote au ni nusu. Ameyashika mashavu ya watoto wake akawauliza kama viganja ni vya moto. Mmoja alisema ndiyo, mmoja hapana, wa tatu aliomba ruhusa ya kuondoka.

Sasa tufike kwenye balaa lenyewe.

Mwalimu Rourke ana kanuni moja asiyoilegeza: huwezi kumwandika mtu kwa siri. Lazima ajue. Basi Alhamisi moja ya Machi, Dolores akasimama mbele ya meza, akajipangusa mikono, akasema, "Akina mama, kuanzia wiki ijayo nitakuwa nawaandika. Ni ya chuo. Nyie fanyeni kama kawaida."

Wiki iliyofuata walikuja wametengeneza nywele. Marlene alipaka rangi ya mdomo, yeye ambaye huja na suruali ya kulalia chini ya koti. Mwingine alivaa aproni ya nyanya yake, ile yenye darizi nyekundu ambayo hata harusini haitoki. Hakuna aliyesengenya. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba donge lake ni kubwa kana kwamba viazi ni vya baba yake. Waliongea taratibu, kama watu walio kwenye foleni ya kuungama.

Na mikono nayo ikabadilika. Jiko la Olga lina ufinyaji mmoja tu, wa kidole gumba, mara mbili, bila mapambo. Lakini kila mmoja wa wanawake hawa alikuwa na mama, na kila mama alikuwa na ukingo wake: mmoja alisokota kama kamba, mwingine alichora mawimbi, mwingine alichoma kwa meno ya uma. Siku ile, kwa kuwa wanaandikwa, kila mmoja akautoa ukingo wa kwao. Olga mwenyewe akasuka wake kama nywele za bi harusi. Sinia zilijaa pirohi nzuri kama mapambo ya madhabahu, na unga mkavu ukanyunyizwa juu ya kingo ili zionekane vizuri.

"Niliona kila kitu nikaandika kila kitu," Dolores anasema. "Sikuelewa hata kimoja."

Ijumaa, watu wakiwa wamepanga foleni kutoka kwenye uwanja wa magari hadi barabarani, tena ni siku ambayo waumini hawali nyama, pirohi zikatiwa kwenye maji. Kingo za mapambo zina uzuri wake, ila unga mkavu haushikani. Zikafunguka moja baada ya nyingine. Maji yakawa meupe, viazi vikaelea, na kilichobaki chini kilikuwa ngozi tupu. Marlene alitazama ndani ya sufuria, akaenda mlangoni, akawatangazia watu kwa sauti tulivu, "Leo ni supu." Wakauziwa supu.

Olga alimfuata Dolores hadi kwenye kigoda akiwa na upawa mkononi.

"Miaka thelathini hapa haijafunguka hata moja," alisema. "Umeleta shule, zimefunguka zote. Sasa sikiliza. Usiandike hata neno."

"Sawa, Mama."

Aliitikia, kwa kuwa mama mkwe hajibiwi vinginevyo. Lakini kazi ilitakiwa katikati ya Aprili. Alipomweleza Mwalimu Rourke, kijana yule alikuna kichwa. Aliyekataa haandikwi, akasema, hiyo haina mjadala. Ama apate kibali, ama aanze upya na kundi lingine, na muda wa kuanza upya haukuwepo.

"Sikujua niwe nani," anasema. "Nikiwa mkwe, ninyamaze na uuguzi uende. Nikiwa mwanafunzi, nirudi kumsumbua bibi wa watu aliyeaibika. Nilimuuliza Stan. Akasema, mmoja kanizaa, mwingine ananipikia, mimi simo."

Jumapili baada ya misa akaenda kwa Olga na karatasi zake. Marlene alikuwepo, maana Jumapili Marlene huwa yupo. Kahawa ilikuwa mezani na mkate wa karanga umekatwa. Dolores hakuomba kibali. Aliomba tu wamsikilize, wakisema hapana atazichana palepale.

Akasoma yote: nywele, rangi ya mdomo, kingo, foleni, sufuria. Kufika kwenye supu, Marlene alicheka hadi akalazimika kuweka kikombe chini. Olga alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Nani huyu Anna?" akauliza.

"Ni wewe, Mama. Nimekubadilisha jina."

"Nimeiba nini hadi unifiche?"

"Chuoni ndivyo wanavyofanya. Wanawalinda watu."

"Kwa hiyo zimefunguka mkononi mwa Anna."

"Ndiyo, Mama."

"Na zile za miaka thelathini ambazo hazikufunguka, ni za nani?"

Dolores alitazama karatasi. "Za Anna."

"Hapana," alisema Olga. "Aibu achukue akitaka. Miaka yangu hapewi."

Marlene akaacha kucheka. Dolores anakiri chuoni hakuwahi kusikia mtu akiuliza hivyo. Alichokumbuka ni kwamba mwalimu aliwahi kusema mtu anayeandikwa anaweza kujichagulia jina. Akalisema hilo, bila kujua kama linasaidia.

Olga alivuta sahani kwake. Akamega mkate, hakuula.

"Niite Paraska," alisema. "Ni mama yangu. Ukingo ule ulikuwa wake, na yeye hakuogopa kusemwa."

"Mimi niite Hafia," akadakia Marlene. "Mama yangu alikuwa anamzidi Paraska kwa kufinya."

"Alimzidi kwa mdomo."

"Andika na hilo, Dolores."

"Na uandike," Olga akaendelea, "kwamba moto ulikuwa mkali mno. Maji yalikuwa yanaruka."

"Maji hayakuwa na kosa lolote," Marlene akasema.

"Andika."

Dolores aliandika kwamba Paraska anasema ni moto, na Hafia anasema ni kingo. Yeye mwenyewe alikuwepo jikoni na hana hakika. Alimuuliza Mwalimu Rourke ukweli ni upi. Akajibiwa kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, jibu ambalo Dolores anasema lingemfanya mfanyakazi wa jikoni afukuzwe siku hiyohiyo.

Amefaulu. Alipata B, na Septemba anaanza uuguzi. Chini ya ukurasa wa mwisho mwalimu aliacha swali moja: Je, Paraska alisema kwa nini siku ile, baada ya miaka yote, alirudi kwenye ukingo wa mama yake? Dolores hakuwa amemuuliza, na hadi sasa hajathubutu.

Namuuliza ana neno gani kwa wazazi wenzake. Anafikiri huku kisu kikizunguka kiazi.

"Waambie waulize kwanza watu wao, kabla ya kuandika, siyo sufuria ikishachafuka. Na waambie hata wakiuliza watachafua. Sijui. Mimi somo nimefaulu lakini sijalielewa."

Kinachomsumbua sasa ni kingine. Amegundua kwamba muuguzi huandika kila zamu: nani amekula, nani amelia, nani amekataa dawa. Huandika juu ya watu walio kitandani, ambao hawatazisoma kamwe karatasi hizo. Mpango wake ni kumsomea kila mgonjwa yale aliyomwandikia kabla ya kutoka kazini. Wauguzi aliowaeleza walimcheka, wakamwambia muda huo atautoa wapi. Anasema ataanza na mgonjwa mmoja kwa zamu, aone.

Kutoka kichwani pa meza, Olga amesikia. Mwaka huu jina lake limeingia kwenye orodha ya wanaosubiri chumba kwenye makao yaleyale ya wazee anakofanya kazi Dolores.

"Mimi nikiwa huko," anasema, "usiandike nimelala vizuri kabla hujaniuliza."

"Nitauliza, Mama."

"Na nikisema sikulala?"

"Nitaandika hukulala."

"Hata kama wewe mwenyewe ulinisikia nakoroma?"

Dolores anaacha kumenya. Safari hii wanawake wa meza nzima ndio wanaomtazama.

"Nitaandika yote mawili, Mama."