Wiki ya Salamu Zilizokosekana

Mwanangu alizaliwa Uingereza kabla sijahamia Toronto. Alibaki huko akajiunga na wanamaji, na sasa anafanya kazi ndani ya nyambizi inayobeba makombora ya nyuklia. Siku aliponiambia, nilimfanya arudie mara mbili. Mimi, nesi tu wa mtaa wa Crescent Town hapa Toronto, mtoto wangu analala jirani na silaha za kuteketeza miji!

Nilipomtembelea alinipeleka kwenye mji zinakojengwa nyambizi mpya, maana za sasa zimechoka. Banda la kuzijengea tu lingeyameza maghorofa ya mtaa wetu. Aliniambia mtambo wa nyuklia utakaofungwa ndani ya kila nyambizi utaisukuma maisha yake yote bila kuongezewa fueli. Wafaransa nao wanajenga za kwao. Nilishika mdomo. Nchi zenyewe si kubwa kihivyo, na jasho lote lile, miaka yote ile, ni ili silaha zitishe tu, zisitumike kamwe.

Lakini mpya zikichelewa, za zamani ndizo zinazokaa baharini miezi mitano na ushei. Yeye hawezi kuandika wala kupiga simu. Mimi naruhusiwa maneno machache kila wiki, kwa Kiingereza, wakubwa wake wayasome kwanza. Habari mbaya haipiti. Tena alitia saini mwenyewe kwamba msiba ukitokea, asiambiwe hadi arudi. Niligomba kweli.

"Mtu gani hataki kujua msiba wa kwao?"

"Mama, nikijua, nitafanya nini kule chini?"

Mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye Toronto, hakuniacha nitume ujumbe hata mmoja bila kuandika: Bibi anakusalimu. Mwezi wa tatu wa mojawapo ya safari hizo alifariki. Tulimzika theluji ikianguka. Wiki hiyo nilikaa mbele ya kompyuta, na mkono ukakataa kuandika salamu za marehemu. Nikaandika habari za baridi na za kazini, nikatuma.

Waliporudi bandarini alinipigia. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji, akaniwahi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Pole, Mama. Wameniambia leo, lakini nilijua. Wiki ile Bibi hakunisalimu."

Nilistaajabu, nikaona na aibu. Miezi miwili alikaa na msiba ule chini ya bahari, wenzake zaidi ya mia wamemzunguka, asimwambie hata mmoja.

"Ulilia wapi, baba?" nikamuuliza.

"Bado," akasema, na hapo ndipo alipoanza.