Msumeno Usio na Mafuta

Tangu dhoruba iangushe mti juu ya jiko la dada yake, mzee mpasua kuni hakupata usingizi, akiwaza jinsi ya kuukata. Msumeno wake mkubwa wa mnyororo ulikuwa umeanza kumshinda. Jana ulimponyoka, chupuchupu umkate goti. Nyumbani hakumwambia mtu.

Kwenye duka la misumeno alichagua mpya wa ukubwa wa kati, akaunyanyua mikono ikiwa imenyooka. "Huu ndio wenyewe! Mwepesi kama unyoya."

Muuzaji alikuwa binti wa marehemu kaka yake, na kazi ya misumeno, kuiuza na kuitumia, alifundishwa na mzee mwenyewe. "Baba mdogo, ngoja kwanza nijaze mafuta. Si wewe uliyeniambia msumeno mtupu ni mwongo?"

Miaka thelathini aliwacheka wanunuzi kwa kosa hilohilo la kupima uzito wa msumeno mtupu. Sasa alisimama akimtazama binti akimimina petroli, kisha oili ya mnyororo, mpaka matangi yote mawili yakajaa pomoni.

"Haya, unyanyue sasa."

Mzee akatia mikono mifukoni.

"Nyanyua wewe," alisema. "Twende kwa shangazi yako. Mimi nitakuonyesha pa kukata."