Wiki Hii Ni ya Kulia

Mwaka wa sabini na mbili, Kalunde alipomzika binti yake wa kwanza, hakulia. Machozi yalikuwepo, yamemjaa hadi kooni, lakini kila alipofungua mdomo mtu alimshika begani akamwambia, "Usilie kama wasio na tumaini, mama. Mtoto yuko kwa Bwana." Pasta Kiema alimwambia hivyo kaburini. Kavata, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alimwambia hivyo jikoni huku akimpa uji ambao hakuunywa. Basi Kalunde akafunga mdomo. Waliimba, wakafukia, wakaenda zao, na njiani wakasifu imani yake.

Mtoto aliitwa Nthenya. Alikuwa ndio kwanza amefika umri wa kutumwa. Upande ule wa chini ya mji wa Kitui, mvua ikishakwisha mto hubaki mchanga mtupu, na watu huchimba mashimo kuyafuata maji yaliyojificha chini. Mwaka ule jua lilikuwa kali na shimo lao lilizidi kuzama. Jioni moja Mulei, mumewe Kalunde, alishuka akalichimba zaidi. Asubuhi yake Kalunde akampa Nthenya mtungi mdogo na kikombe cha bati, akamwambia akimbie alete maji ya chai. Ukingo wa mchanga ulimporomokea akiwa ameinama kuchota. Alipofukuliwa, kikombe kilikuwa bado mkononi.

Baba alikuwa amechimba, mama alikuwa ametuma. Hakuna aliyemlaumu mwenzake, na pengine wangelaumiana ingekuwa afadhali. Mulei alikuwa mwashi na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache hata kabla ya msiba. Baada ya msiba maneno yalipungua yakabaki ya chumvi, ya mbuzi na ya ada ya shule. Nguo za mtoto zilipelekwa kwa shangazi yake huko Kwa Vonza. Mwaka uliofuata alizaliwa mvulana, wakamwita Musyoka, yaani aliyerudi, na watu wakaanza kumwita Kalunde Mama Musyoka. Jina la Mama Nthenya likapotea midomoni mwao siku hiyohiyo. Walifanya hivyo kwa wema, ili asahau.

Mjini Kitui, nyuma ya maduka ya nguo, palikuwa na ukumbi wa sinema. Mhindi aliyeujenga alikuwa amehama, na Mursal, Msomali aliyefanya biashara ya ng'ombe, akaununua. Mkewe, Arbaco, ndiye aliyekaa dirishani kuuza tikiti. Kila Alhamisi mikebe ya filamu iliteremshwa kutoka kwa basi la Nairobi, na Ijumaa ubao ukasimamishwa nje umeandikwa kwa chaki: SINEMA MPYA WIKI HII. Upya wenyewe ulikuwa wa Kitui tu. Picha zile zilikuwa zimeshazunguka Nairobi na Machakos hadi zikakwaruzika, na mvua nyembamba ya mistari ilinyesha juu ya nyuso za watu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini hakuna aliyejali.

Kalunde alijua ukumbi ule kwa kuupita tu. Kanisani kwao sinema ilihesabiwa pamoja na pombe na dansi. Jumamosi yeye alikuwa sokoni na magunia yake ya kunde na mbaazi, na akishauza alirudi nyumbani.

Jumamosi moja mvua ilimkuta njiani, akajibanza chini ya paa la ukumbi. Akasikia, kupitia ukutani, mwanamke analia. Hakikuwa kilio cha kujizuia. Mwanamke yule alilia kwa sauti yote, akapumua, akalia tena, na hakuna aliyemnyamazisha. Kalunde akasogea dirishani.

"Kuna msiba humo ndani?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni sinema," Arbaco akajibu. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia dukani, kama cha Kalunde kilivyokuwa cha kujifunzia sokoni. "Ni mpya, imeanza jana."

"Na watu wanamwacha alie hivyo?"

"Wanalia pamoja naye. Ingia, umelowa."

Aliingia akakaa kwenye benchi la nyuma. Lugha hakuielewa hata neno moja. Alichokiona ni mwanamke wa Kihindi amepiga magoti mlangoni, mikono mitupu. Kando yake wanawake wa mjini walikuwa wamejifunika nyuso kwa leso, na mwanamume mmoja alikuwa anapenga kamasi bila aibu. Kalunde akaangalia huku na huku gizani. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Ndipo koo lake likafunguka.

Alilia hadi taa zilipowashwa. Kisha akajipangusa, akabeba magunia yake matupu, akaenda nyumbani akapika.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Safari hii watu walikuwa wanapigana ngumi juu ya paa la gari moshi na vijana wanashangilia, akatoka kama alivyoingia. Arbaco aliliona hilo usoni mwake. Wiki ya tatu, Kalunde alipofika dirishani, Arbaco alitikisa kichwa kabla hajaulizwa.

"Wiki hii si ya kulia. Ni ya bunduki. Usipoteze pesa yako."

Ikawa hivyo kwa muda mrefu. Arbaco aliiona kila sinema mpya Ijumaa, na Jumamosi alikuwa na jibu. "Hii inachekesha tu." "Hii ina nyimbo nyingi, lakini baba anakufa mwishoni." "Wiki hii ni ya kulia, mama. Mtoto anapotea kwenye sherehe." Siku za kulia alimwekea nafasi pembeni, karibu na ukuta. Hakumwuliza lolote, mpaka siku moja Kalunde alipochelewa kutoka na macho yake yamevimba, Arbaco akamvuta ndani ya kile chumba kidogo cha tikiti akampa chai ya maziwa yenye iliki.

"Ni nani unamlilia?" akamwuliza taratibu. "Kwa sababu si yule Mhindi."

Kalunde alishika kikombe kwa mikono miwili. "Mtoto wangu. Nilimtuma maji."

"Aliitwa nani?"

Tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza hivyo. Akakiweka kikombe chini. "Nthenya."

"Basi wewe ni Mama Nthenya," Arbaco akasema, na tangu siku hiyo hakumwita jina lingine.

Siri kama ile haidumu katika mji mdogo. Kavata alimwona akitoka ukumbini mchana kweupe, na Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Kalunde aliitwa mbele ya wazee. Mulei alikuwa mmoja wao. Alikaa mwisho wa benchi, kofia yake magotini.

Pasta Kiema hakuwa mkali. Alizungumza kama mtu anayeumia. "Mama Musyoka, ni kweli unaingia sinema?"

"Ni kweli."

"Unatafuta nini kule?"

Kalunde aliwatazama wale wanaume waliobeba jeneza dogo na kumwambia anyamaze. Alitaka kuwaeleza. Lakini angeelezaje kwamba nyumba ya Mungu imemfunga mdomo na nyumba ya filamu imemfungua? Akamtazama Mulei. Alitumaini atasema neno lolote, hata la kumkaripia. Mulei alikuwa anaigeuzageuza kofia yake.

"Mzee Mulei, wewe unasemaje?" Pasta akauliza.

"Sina la kusema," Mulei akajibu.

Kalunde alitengwa na Meza ya Bwana kwa nusu mwaka. Walirudi nyumbani Mulei akiwa mbele na yeye nyuma. Adhabu ile aliibeba. Jibu la mumewe ndilo lililomkaa moyoni kama jiwe, na jiwe lile alilala nalo kwa miaka.

Ili nyumba itulie, aliacha kwenda. Jumamosi mbili zilipita bila yeye kuonekana dirishani. Ya tatu, Arbaco alikuja sokoni mwenyewe, shela yake imefagia vumbi lote la njiani, akasimama mbele ya kunde.

"Wiki hii ni ya kulia, Mama Nthenya. Mbona hukuja?"

"Nimekatazwa."

Arbaco alifikiri kidogo. Kisha akakunja shela yake, akaketi juu ya gunia. "Haya. Kuna mwanamke, mume wake ni askari," akaanza.

Akamsimulia yote: nyumba, mvua, mtoto, treni. Wateja walisimama wakasubiri, wengine wakasahau walichokuja kununua. Alipofika mwisho, wote wawili walikuwa wanafuta macho kwa ncha za leso zao, na mama wa nyanya pembeni akauliza nani amefariki.

Miaka mingi sinema mpya zilimfikia Kalunde kwa njia hiyo, Jumamosi hadi Jumamosi, kati ya magunia. Kisha video zikaja. Hoteli moja ya chai iliweka televisheni, halafu nyingine, na benchi za ukumbi zikabaki tupu. Mnamo themanini na sita Mursal aliuuza ukumbi, akaihamisha familia yake kwenda kwa ndugu zake kaskazini. Arbaco alikuja sokoni kuaga. Hakuwa na sinema ya kusimulia siku hiyo. Walishikana mikono muda mrefu, akamwachia Kalunde leso yake ya buluu, akaenda. Hawakuonana tena. Baadaye Kalunde alisikia kwa madereva wa lori kwamba alikuwa amefariki, lakini wa kumthibitishia hakupatikana.

Aliyenunua ukumbi aliugeuza ghala la saruji na mabati. Mulei, ambaye sasa nywele zake zilikuwa nyeupe na kifua kinamsumbua, alikuwa akinunua saruji huko kama waashi wengine. Siku moja alimwomba Kalunde afuatane naye, amsaidie na mkokoteni kwa kuwa Musyoka alikuwa shuleni Nunguni. Mwenye ghala alikwenda kutafuta chenji akawaacha peke yao. Vumbi la saruji lilikuwa limetanda hewani. Benchi chache za zamani zilikuwa zimesukumwa ukutani, zimerundikiwa misumari.

Mulei aliweka mkono juu ya mojawapo.

"Mimi nilikaa hapa," akasema.

Kalunde alidhani hakumsikia vizuri. "Wapi?"

"Hapa. Wewe ulikuwa kule, karibu na ukuta. Nilikufuata. Nilidhani kuna mwanamume." Akakohoa, akasubiri kifua kitulie. "Kulikuwa na mama amempoteza mtoto kwenye sherehe, anamwita katikati ya watu. Na wewe ulikuwa unalia. Sikuwahi kukusikia unalia hivyo. Nikatoka."

"Hiyo ilikuwa kabla sijaitwa kwa wazee?"

"Kabla."

"Ulijua, na ukawaambia huna la kusema."

"Ningesema nini, Kalunde? Kwamba wewe ulibaki na mimi nikakimbia?"

Kalunde aliketi juu ya mfuko wa saruji. Hasira aliyoihifadhi kwa miaka yote ile ilimpanda. Lakini mzee aliyesimama mbele yake alikuwa ameegemea benchi, anatafuta pumzi.

"Kile kitoto," Mulei akauliza baadaye, bila kumtazama. "Kile cha sinema. Sikuona mwisho. Kilipatikana?"

"Kilipatikana."

"Kikiwa hai?"

"Kikiwa hai. Kilikuwa kimekuwa kijana mkubwa, mamake hakumtambua kwanza. Alimjua kwa wimbo."

Mulei aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu aliyepokea habari za nyumbani. "Vizuri," akasema. "Nimekuwa nikijiuliza." Kisha, kwa sauti ambayo Kalunde alilazimika kuinama aisikie: "Nthenya sasa angekuwa na watoto wake."

"Angekuwa nao."

Mwenye ghala alirudi na chenji. Walipakia saruji kwenye mkokoteni, Mulei akavuta na Kalunde akasukuma kwa nyuma.

Mulei aliishi miaka michache tu baada ya hapo. Kifua kilimzidi, na mwishoni hata kusema sentensi moja kulimchosha. Katika miaka hiyo walimzungumzia binti yao mara chache: jinsi alivyoogopa kuku, jinsi alivyokataa kusukwa nywele. Jioni moja Mulei alianza kusema jambo juu ya lile shimo, pumzi zikamkatikia, na Kalunde akamwambia apumzike, atamaliza kesho. Hakulimaliza. Alizikwa kando ya binti yake, mwaka wa tisini na moja, na Kalunde akabaki na maneno yale nusu.