Semina ya Kupunguza Msongo

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Juzi nilizalisha zamu mbili mfululizo peke yangu, maana mwenzangu anaumwa. Natoka asubuhi, miguu imevimba, matroni akanidaka getini: "Sista, huendi nyumbani. Kuna semina ya kupunguza msongo wa kazi, ni lazima."

Mgeni rasmi, mzee mwenye upara unaong'aa, akatuambia tufumbe macho tupumue taratibu. Nilitii kuliko wote, mpaka nikakoroma. Alipoinama kuniamsha, nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikapiga kelele: "Sukuma mama, kichwa hiki hapa!"

Nikafumbua macho, na kwa kuwa nimelelewa vizuri kwetu Ihanja, nikamwambia, "Shikamoo," kabla hata sijauachia upara wake.